Vitamini Zinazozuia Oksidishaji na Kinga ya Seli za Retina: Namna Zinavyofanya Kazi na Mipaka ya Manufaa Yake

IKISIRI

Makala haya yanafafanua jinsi vitamini C, vitamini E na rangi za mimea za jamii ya karotini zinavyoweza kuzilinda seli za retina dhidi ya madhara ya oksidishaji. Hoja kuu ni kwamba kinga hiyo hutokana na mfumo wa kupokezana, ambamo kila kiungo hutegemea kingine. Kwa hiyo kuongeza kiungo kimoja peke yake hakuongezi kinga, na wakati mwingine huleta madhara. Ushahidi uliotumika ni wa kibiolojia pamoja na matokeo ya majaribio makubwa yaliyofanyika Marekani na Ufini. Makala pia yanatenganisha suala hili na suala la upungufu wa vitamini A kwa watoto, kwa kuwa mambo haya mawili huchanganywa mara kwa mara katika mazungumzo ya Kiswahili kuhusu afya ya macho.

1.0 Utangulizi

Katika masoko na vituo vya mabasi vya miji mingi ya Afrika Mashariki na Kati huuzwa vidonge, unga na matone yanayoitwa "vitamini za macho". Muuzaji huahidi mambo mawili: kwamba bidhaa yake huondoa sumu machoni, na kwamba itarudisha nuru iliyofifia. Ahadi ya kwanza ina chembe ya ukweli iliyopindishwa, ya pili haina hata chembe. Wanaozisikia ahadi hizi ni watu wazima ambao macho yao yameanza kuona ukungu, na wengi wao hawajawahi kupimwa. Miongoni mwao wamo wenye mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji. Wamo pia wenye presha ya macho, ambayo huua mshipa wa fahamu wa jicho polepole bila maumivu. Mgonjwa wa kundi hili la pili akitumia mwaka mzima kumeza vidonge, sehemu ya uoni anayoipoteza ndani ya mwaka huo hairudi tena.

Hata hivyo, si haki kulitupa suala zima la vitamini na retina kwa sababu ya wauzaji hao. Lipo jambo la kweli hapa, tena limechunguzwa kwa miongo mingi.

2.0 Retina na gharama ya kuona

Retina ni utando mwembamba ulioezekwa ndani ya sehemu ya nyuma ya jicho. Ndani yake zimo seli zinazopokea mwanga, nazo ni za aina mbili: seli fimbo, zinazotuwezesha kuona katika giza hafifu, na seli koni, zinazotupatia rangi na umbo kamili la vitu. Seli koni zimesongamana zaidi katika eneo dogo la katikati liitwalo makula. Kwa eneo hilo mtu husoma, hupenyeza uzi katika tundu la sindano na huitambua sura ya mwenziwe.

Kwa uzito wake, retina ni miongoni mwa tishu zinazotumia oksijeni nyingi kuliko zote mwilini. Seli za mwanga hufanya kazi usiku na mchana, na mitokondria zake, yaani viwanda vya nishati ndani ya seli, huchoma chakula bila kupumzika. Katika uchomaji huo, sehemu ndogo ya oksijeni hutoroka njia yake ya kawaida na kugeuka kuwa molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzi. Molekuli hizo ndizo radikali huru. Kwa kuwa elektroni hutulia ikiwa mbili mbili, radikali hunyang'anya elektroni kwa jirani yoyote iliyo karibu, na jirani aliyenyang'anywa huwa radikali mpya inayomgeukia wa tatu.

Mambo mengine mawili huifanya retina iwe mahali pa hatari zaidi. La kwanza ni mwanga wenyewe. Mwanga, hasa wa buluu, ukiipiga molekuli yenye rangi mahali palipo na oksijeni, unaweza kuzalisha oksijeni iliyochangamshwa, ambayo si radikali lakini hushambulia mafuta kwa ukali ule ule. La pili ni mafuta yaliyomo kwenye seli za mwanga. Ncha ya nje ya kila seli imejaa visahani vilivyopangwa kama sarafu, na karibu nusu ya asidi mafuta katika utando wa visahani hivyo ni asidi iitwayo DHA, yenye viungo viwili viwili sita katika mnyororo wake. Viungo vya namna hiyo huulegeza utando na kuiwezesha seli kuitikia mwanga kwa haraka. Ndivyo pia vinavyoshikwa kwa urahisi zaidi na oksidishaji. Yeyote aliyeacha chupa ya mafuta ya samaki wazi juani ameshanusa matokeo yake.

Seli za mwanga hujikinga kwa kujifanya upya. Kila siku takribani sehemu moja ya kumi ya visahani hukatika nchani na kumezwa na tabaka la seli zenye rangi lililo nyuma ya retina. Tabaka hilo ndilo mlezi wa seli za mwanga: huzilisha, huzisafishia taka na hurejesha vitamini A iliyotumika. Lakini seli zake hazizaliani kwa mtu mzima. Seli ile ile aliyozaliwa nayo mtu humeza visahani kwa miaka 70 au 80, na mabaki yasiyomeng'enywa hurundikana ndani yake yakiwa chembe za rangi ya kahawia. Chembe hizo zenyewe, zikipigwa na mwanga, huzalisha oksijeni kali zaidi. Uzee wa makula huanzia hapa kwa kiasi kikubwa.

3.0 Suala la istilahi

Hali ambayo uzalishaji wa molekuli hizi kali huzidi uwezo wa seli kuzituliza huitwa katika makala haya mkazo wa oksidishaji, na viini vinavyozituliza huitwa vizuiaoksidishaji. Istilahi hizi ni nzito mdomoni. Iliyo nyepesi na inayosikika zaidi redioni ni "viondoa sumu", na wepesi wake ndio uliowapa wauzaji nafasi.

Sumu, kwa msikilizaji wa Kiswahili, ni kitu kigeni kilichoingia mwilini: huingia, hudhuru, hutolewa, na mtu hubaki salama. Radikali huru haziingii kwa njia hiyo. Huzaliwa ndani ya kazi ya kuishi kwenyewe, na mwili huzihitaji kwa kiasi fulani: chembe nyeupe za damu huzitumia kuulia bakteria, na seli huzitumia kupashana habari. Hakuna siku ambayo zitakwisha, wala kuisha kwake si jambo la kutamaniwa. Anayefikiri kwa neno "sumu" huhitimisha kwamba kadiri dawa ya kuitoa inavyozidi ndivyo inavyofaa. Anayefikiri kwa neno "mizani" hana sababu ya kufika huko. Tofauti hii ya maneno inaonekana ndogo, lakini itarejea kwa uzito katika sehemu ya 6.0.

4.0 Mfumo wa kupokezana

Vitamini E iligunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop katika Chuo Kikuu cha California, walipokuwa wakichunguza uzazi wa panya. Ndiyo maana jina lake la kikemia, tokoferoli, limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuzaa. Vitamini hii huyeyuka katika mafuta, hivyo hukaa ndani ya utando wa seli, pale pale ilipo DHA. Radikali inapoanza kuupitia utando, ikichoma asidi mafuta moja baada ya nyingine, vitamini E huipatia elektroni na kuukata mwendo wake. Inapofanya hivyo, yenyewe hugeuka kuwa radikali, ingawa dhaifu na isiyo na haraka.

Hapa ndipo vitamini C inapoingia. Hii huyeyuka katika maji, nayo hukaa nje ya utando. Huipatia vitamini E elektroni na kuirudishia uwezo wake. Wanyama wengi hujitengenezea vitamini C katika ini. Binadamu hawezi, sharti aipate katika chakula. Inavyoonekana, jicho huithamini mno, kwani katika majimaji yaliyo mbele ya lenzi kiasi chake ni takribani mara 20 ya kiasi kilicho katika damu. Vitamini C iliyotoa elektroni hurejeshwa nayo kwa msaada wa glutathioni, na glutathioni hurejeshwa kwa nishati inayotokana na sukari ya seli. Elektroni hupita mikononi mwa wengi kabla ya hesabu kufungwa.

Sambamba na mfumo huo vipo vimeng'enya. Kimoja huigeuza radikali ya oksijeni kuwa haidrojeni peroksidi, na vingine huigeuza peroksidi hiyo kuwa maji. Vimeng'enya hivi huhitaji madini: zinki na shaba kwa kimoja, manganizi kwa ndugu yake wa ndani ya mitokondria, seleni kwa kingine. Mgonjwa anayeuliza kwa nini kidonge cha macho kina zinki na shaba atapata sehemu ya jibu hapa.

Kiungo cha mwisho ni luteini na zeaksanthini, rangi za njano za jamii ya karotini. Kwa maana kamili hizi si vitamini, kwa kuwa hakuna ugonjwa mahususi wa upungufu wake uliothibitishwa. Katika makula hujikusanya kwa wingi kiasi kwamba eneo hilo huonekana la njano. Hufanya kazi mbili: huuchuja mwanga wa buluu kabla haujazifikia seli za mwanga, na huituliza oksijeni iliyochangamshwa kwa kupokea nguvu yake na kuitoa kama joto. Mwili hauzitengenezi. Kila chembe ya njano iliyo katika makula ya mtu ilitoka katika sahani yake.

Kwamba kukosekana kwa kiungo huiharibu retina ni jambo lililothibitika. Upo ugonjwa adimu wa kurithi ambao mgonjwa wake hawezi kusafirisha mafuta kutoka kwenye utumbo, hivyo hukosa vitamini A na E tangu utotoni. Asipotibiwa, retina yake huchakaa. Akipewa vitamini hizo kwa wingi mapema, uchakavu hupungua kasi. Lakini swali la mtu mwenye lishe ya kawaida ni jingine: je, akiongezewa, atapata kinga zaidi?

5.0 Ushahidi wa majaribio kwa wagonjwa

Jibu lenye uzito zaidi lilitoka Marekani mwaka 2001, katika utafiti ulioendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Macho ya nchi hiyo katika kliniki 11, unaojulikana kwa kifupisho AREDS. Watu wenye umri wa miaka 55 hadi 80 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka sita. Baadhi walipewa vidonge visivyo na dawa, baadhi vizuiaoksidishaji peke yake, yaani miligramu 500 za vitamini C, vipimo vya kimataifa 400 vya vitamini E na miligramu 15 za beta-karotini. Wengine walipewa miligramu 80 za zinki pamoja na miligramu 2 za shaba, na kundi la nne lilipewa vyote.

Ugonjwa uliolengwa ni uchakavu wa makula unaoletwa na uzee. Miongoni mwa waliokuwa na hatua ya kati ya ugonjwa huo, au waliokwisha kupoteza jicho moja, watu 28 kati ya 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa walifikia hatua mbaya ndani ya miaka mitano. Kwa waliopewa vizuiaoksidishaji peke yake walikuwa 23, kwa waliopewa zinki 22, na kwa waliopewa mchanganyiko wote 20.

Takwimu hizi zastahili kusomwa taratibu. Kati ya kila wagonjwa 100 wa kundi hilo, wanane walinusurika kwa sababu ya mchanganyiko. Kwa ugonjwa ambao wakati huo haukuwa na kinga nyingine yoyote ya dawa, hilo si jambo dogo. Lakini 20 waliangukia hatua mbaya huku wakimeza vidonge kila siku, na wengine 72 wasingeifikia hatua hiyo ndani ya muda ule hata kama wasingemeza chochote. Mchanganyiko haukumrudishia yeyote uoni uliokwisha kupotea. Haukuonesha manufaa kwa wenye hatua ya mwanzo, wala haukuzuia mtoto wa jicho.

Pia inafaa kuuliza mchanganyiko huo ulifanya kazi kwa njia gani. Mwaka 2005 watafiti waligundua kwamba mabadiliko katika jeni moja inayoongoza kinga ya mwili huongeza sana uwezekano wa kupata uchakavu wa makula. Oksidishaji, basi, ni sehemu tu ya kisa. Kinga inayojishambulia na mishipa ya damu inayoota pasipotakiwa nayo imo. Hii ni sababu mojawapo ya vizuiaoksidishaji kupunguza hatari bila kuiondoa.

Mtu anaweza kudai kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Ni kweli kwamba hatua zake mbaya huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Hata hivyo uchunguzi wa macho uliofanywa Nakuru, nchini Kenya, kwa watu wa miaka 50 na zaidi uliukuta ugonjwa huo, na idadi ya wazee katika kanda hii inaongezeka.

6.0 Beta-karotini na wavuta sigara

Mwaka 1994 zilichapishwa habari zisizotarajiwa kutoka Ufini. Wanaume wavuta sigara 29,133 walikuwa wamegawiwa beta-karotini, vitamini E, vyote viwili au vidonge visivyo na dawa, kwa matumaini kwamba vizuiaoksidishaji vingewakinga na saratani ya mapafu. Waliopewa beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Utafiti mwingine wa Marekani uliohusu wavuta sigara na watu waliofanya kazi penye vumbi la asbesto ulisitishwa mapema mwaka 1996, kwa kuwa waliomeza beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa wakiugua zaidi kwa asilimia 28.

Kwa anayeshikilia neno "sumu" matokeo haya ni fumbo: moshi wa sigara umejaa radikali, na beta-karotini huzituliza, imekuwaje? Kwa anayefuata mfumo wa kupokezana, fumbo hupungua. Katika pafu la mvutaji, vitamini C imeshaliwa na moshi. Beta-karotini iliyooksidika haipati wa kuirejesha, nayo huvunjika vipande ambavyo vyenyewe hudhuru seli. Maelezo haya yana nguvu, ingawa wataalamu wanaendelea kuyajadili.

Utafiti wa pili wa AREDS, uliochapishwa mwaka 2013 ukihusisha watu 4,203, ulibadilisha kidonge. Beta-karotini iliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na miligramu 10 za luteini na 2 za zeaksanthini. Kinga ya makula haikupungua. Miongoni mwa waliopewa beta-karotini, asilimia 2.0 walipata saratani ya mapafu, dhidi ya asilimia 0.9 ya wasiopewa, na wengi wa waliougua walikuwa watu walioacha sigara zamani. Matokeo ya ufuatiliaji wa miaka kumi, yaliyotolewa mwaka 2022, yaliunga mkono mabadiliko hayo. Kwa hiyo kidonge cha macho chenye beta-karotini hakimfai mtu anayevuta au aliyewahi kuvuta, na muuzaji wa sokoni ni nadra kumuuliza mnunuzi swali hilo.

Vitamini E nayo si ya kumezwa bila hesabu. Kipimo cha AREDS ni zaidi ya mara kumi ya mahitaji ya siku, na kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Mwaka 2011 jaribio la Marekani lilibaini ongezeko la asilimia 17 la saratani ya tezi dume kwa wanaume wenye afya waliomeza kipimo hicho hicho. Zinki ikizidi huuzuia utumbo kufyonza shaba. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya shaba kuwekwa katika kidonge.

7.0 Vitamini A ni suala jingine

Wazazi wa kanda hii wamezoea kuona watoto wa miezi 6 hadi 59 wakipewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Wengi huamini kwamba matone hayo na "vitamini za macho" za watu wazima ni kitu kimoja. Sivyo. Kazi kuu ya vitamini A katika retina si kuzuia oksidishaji. George Wald, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1967, alionesha kwamba umbo mojawapo la vitamini hiyo ndilo linalopokea mwanga wenyewe: mwanga hulinyoosha, na kunyooka huko huanzisha ishara iendayo kwenye ubongo. Mtoto aliyepungukiwa hushindwa kwanza kuona jioni, kisha hupata ukavu wa macho, na hatimaye kioo cha mbele cha jicho huweza kuyeyuka. Matone huzuia janga hilo, na pia hupunguza vifo vya watoto mahali penye upungufu.

Kwa mtu mzima asiye na upungufu, kuongeza vitamini A hakuipi retina kinga. Hukaa katika ini na ikizidi hulidhuru, na kwa mama mjamzito hatari humfikia mtoto aliye tumboni. Zaidi ya hayo, zile chembe za kahawia zilizotajwa katika sehemu ya 2.0 zimetokana kwa sehemu na mabaki ya vitamini A yenyewe. Kile kinachotuwezesha kuona ndicho kinachochangia kulichakaza jicho.

8.0 Sahani ya kanda

Luteini hupatikana kwa wingi katika majani ya kijani kibichi: mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga na sukuma wiki. Hufyonzwa vyema pamoja na mafuta, kwa hiyo mpishi anayeunga kisamvu kwa karanga au nazi hutenda kulingana na kemia bila kuambiwa. Kiini cha yai kina luteini kidogo zaidi, lakini hufyonzwa kwa urahisi. Vitamini C ipo katika mapera, mapapai na machungwa. Majani nayo huwa nayo, ila hupotea yakichemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa. Vitamini E imo katika karanga na mafuta ya alizeti. Mawese mekundu, yanayokamuliwa Kigoma, Rumonge nchini Burundi na sehemu kubwa ya Kongo, yana vitamini E pamoja na karotini nyingi, mradi hayajachomwa hadi kupoteza wekundu wake. Dagaa, nyama na maharage huleta zinki.

Beta-karotini ya chakula, kama ile ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa ambavyo mtafiti wa Uganda Robert Mwanga na wenzake walivitukuza hata wakapata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, haijahusishwa na madhara yaliyoletwa na vidonge. Huingia mwilini polepole, pamoja na viungo vingine vya mfumo, na mwili hugeuza kuwa vitamini A kiasi unachohitaji tu.

Zeaksanthini ndiyo adimu zaidi. Jina lake limeundwa kutokana na jina la kisayansi la mahindi, *Zea mays*, na neno la Kigiriki lenye maana ya njano, kwa kuwa mahindi ya njano ni miongoni mwa vyanzo vyake vikuu. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki walaji huchagua mahindi meupe, ambayo takriban hayana karotini yoyote, na huyahusisha yale ya njano na misaada ya wakati wa njaa au na chakula cha kuku. Kuku anayelishwa mahindi hayo hutaga yai lenye kiini cha njano iliyokolea, na kwa njia hiyo sehemu ya rangi iliyokataliwa katika ugali huifikia makula ya mlaji kupitia yai.